Mkono Alioinua Adolfu

Upepo wa Juni katika uwanda wa Ufipa hauna adabu. Hupita bila kupiga hodi, ukapenya katika mikono ya sweta na kumkumbusha mtu kwamba jua la mchana si ahadi ya joto. Ndio uliokuwa ukipeperusha pindo la gauni la kitenge la Sekela siku ile sokoni Sumbawanga, alipokuwa amesimama mbele ya fungu la migebuka wakavu akimchagulia mama yake kitoweo.

"Mama, huyu samaki amelala miaka mingapi?" alimwuliza mwuzaji. "Nipunguzie basi kwa ajili ya usingizi wake."

Mwuzaji alicheka. Nyuma ya Sekela akacheka mtu mwingine, kisha akanyamaza ghafla.

"Samahani, dada. Hebu sema tena."

Sekela aligeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, mwenye mabega mapana, suruali ya bugaluu iliyopigwa pasi kwa uangalifu na koti la kahawia lililomfupika mikononi.

"Niseme nini, ndugu?"

"Chochote. Hata bei ya samaki. Sauti hiyo naijua. Mwezi uliopita ilitangazia nchi nzima kwamba golikipa wa Chuo Kikuu ameudaka mpira kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani."

Sekela alijishika mdomo. "Usiniambie kuwa wewe ndiye Adolfu!"

"Ndiye mimi. Na mtoto mwenyewe sikumwangusha."

Ingawa wote wawili walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu, hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Adolfu alisomea kilimo Morogoro, akija Dar es Salaam kwa mechi tu. Sekela alisomea lugha Dar es Salaam, naye alikuwa msichana wa kwanza katika kikundi cha wanafunzi waliotangaza michezo ya chuo katika redio. Kutoka kwenye kibanda cha watangazaji alimjua Adolfu kama mtu anavyomjua ndege wa angani: kwa rangi na kwa mruko. Adolfu naye alimjua kwa sauti, aliyoisikia katika redio ya bweni siku za marudio.

Likizo ile timu ilikuwa imekuja Rukwa. Asubuhi wachezaji walivuna ulezi pamoja na wanavijiji wa Ujamaa. Jioni walifanya mazoezi. Jumapili wangecheza na timu ya mkoa, na mchezo huo ungerushwa hewani moja kwa moja kwa njia ya simu hadi Dar es Salaam. Kwa kuwa baba yake Sekela, Mzee Ambilikile, alikuwa amehamishwa kutoka Mbeya kuja kuwa bwana maji hapo Sumbawanga, binti yake ndiye aliyepewa kipaza sauti.

"Basi Jumapili unitendee haki," alisema Adolfu, akilichukua kapu la Sekela bila kuombwa.

"Nitasema ukweli tu. Asiyekuwepo uwanjani hana macho mengine ila yangu."

"Ehe! Na ukweli wenyewe unaanzia wapi?"

"Unaanzia hapa: koti lako ni fupi."

Adolfu alicheka hadi wauza maharage wakageuka. Alimsindikiza hadi mlangoni kwao, na kesho yake akarudi kuuliza kama samaki aliamka.

Mapenzi yao hayakuchelewa. Timu ilipokwenda Namanyere kwa mechi ya kirafiki, simu ya serikali iliyokuwa mezani sebuleni kwa Mzee Ambilikile ililia kila jioni, na kila jioni Sekela aliifikia kabla ya mtu mwingine.

"Haloo, Namanyere, ongea," ilikuja kwanza sauti ya Silvana, mwanamke aliyeunganisha simu za mji mzima.

"Mtangazaji wangu, umekula?" aliuliza Adolfu.

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula ugali wa ulezi, chakula cha watu. Siyo ninyi wa Mbeya mnaotafuna ndizi mkadhani mmeshiba."

"Ndizi hizo ndizo zilizoilea sauti unayoipigia simu."

"Basi ongeza ndizi, malkia wangu."

"Malkia ni wa wakoloni. Sisi tuna undugu."

"Haya, ndugu yangu wa moyoni."

Laini ilikoroma kidogo, kisha Silvana akaingia. "Hiyo ya moyoni nimeipenda. Ila kuna mkubwa wa wilaya anaingoja laini. Fanyeni haraka, wanangu."

Adolfu aliishusha sauti. "Sekela, baada ya mechi nataka twende kwetu Mwimbi. Baba anataka kukuona. Jumapili kijiji kizima kitakuwa kikisikiliza redio. Unajua wameamua nikimaliza masomo nirudi niwe bwana shamba wao? Walikuwapo waliopinga, wakisema msomi akishaonja mji harudi. Baba alisimama mkutanoni akasema neno moja tu: mwanangu hajawahi kunidanganya. Wakakubali. Pale kijijini sina kitu kingine, mpenzi. Nina neno hilo la baba."

"Nitakwenda," alijibu Sekela, na moyo wake ulikuwa umekwisha kufika.

*

Jumapili uwanja ulijaa. Wanaume walikuja na makoti mazito, wanawake wamejitanda vitenge viwili viwili, na hapa na pale watu walishikilia redio ndogo masikioni. Kuuona mchezo kwa macho hakukuwatosha. Walitaka pia kuusikia ukisemwa kutoka Dar es Salaam, ili waamini kwamba Sumbawanga imo katika Tanzania.

Sekela aliketi juu ya jukwaa la mbao, kandokando ya mstari wa katikati. Alivaa suti ya bluu yenye sketi iliyovuka magoti, na nywele zake za afro zilisimama wima dhidi ya upepo. Pembeni yake fundi mitambo, Ignasi, aliinua kidole. Laini ilikuwa imefunguka.

Alitangaza vizuri. Aliwaona winga wakiambaa na chaki, mabeki wakiosha langoni, mpira ukiviringika na kuacha mkia wa vumbi. Kila mara alipolitazama goli la upande wa mashariki, ambako jezi ya kijani ilikuwa ikipiga makofi kuwahimiza wenzake, aliilazimisha sauti yake isitetemeke.

Zikiwa zimebaki dakika chache, hakuna timu iliyokuwa imefunga. Mshambuliaji wa mkoa aliachia kombora. Mpira uligonga mwamba wa juu, ukashuka chini, na Adolfu akaurukia na kuufunika kwa mwili wake. Uwanja ukanguruma. Umevuka mstari? Haukuvuka? Mwamuzi, Mwalimu Zenon, alisimama mbali, filimbi mdomoni, hajui apulize au asipulize. Mshika kibendera wake alikuwa ameteleza vumbini, akijipangusa magoti.

Ndipo Adolfu alipoinuka. Aliuweka mpira chini, akainua mkono wake wa kulia juu, kiganja kikiwa wazi, akamwendea mwamuzi huku akitikisa kichwa.

"Adolfu anakana!" Sekela alisema katika kipaza sauti. "Ndugu wasikilizaji, mpira umevuka mstari, nimeuona kwa macho yangu, lakini golikipa wetu anamwambia mwamuzi hapana! Anakana bao lililo wazi mchana kweupe! Inasikitisha, ndugu wasikilizaji, inasikitisha sana."

Maneno yale yaliondoka jukwaani kwa waya, yakafika Dar es Salaam, yakapaa hewani, na kufumba na kufumbua yakarudi Sumbawanga kupitia zile redio ndogo. Sekela aliyasikia yakimzunguka, sauti yake mwenyewe ikitoka katika mikono ya watu. Kisha ikapanda nyingine.

"Mwongo! Golikipa mwongo!"

Madongo yakaanza kuruka. Moja halikuwa dongo. Adolfu alishika paji la uso, na alipoondoa mkono, damu ilikuwa imemfikia kidevuni. Mwamuzi alipuliza filimbi na kuonyesha katikati ya uwanja. Lilikuwa bao. Mchezo ulimalizika hivyo, Chuo Kikuu kimefungwa moja kwa bila.

Sekela alimkuta nyuma ya lori la timu, kipande cha khanga kimefungwa kichwani. Wenzake walipomwona waliondoka mmoja mmoja.

"Adolfu, pole. Unaumia?"

"Ulinisikia?" aliuliza bila kumtazama.

"Nilikuona."

"Sikuuliza kama uliniona. Nimeuliza, ulinisikia?"

"Mpenzi, mpira ulivuka. Ningewezaje kunyamaza? Nikianza kukuficha wewe kwa sababu nakupenda, kesho nitamficha nani? Bora unichukie leo, lakini siku moja utajua kwamba..."

"Hewala, ndugu mtangazaji." Alisimama. "Umefanya kazi ya taifa. Mimi naomba nikapumzike."

Akapanda lorini. Sekela alirudi nyumbani amejaa huzuni, lakini ndani ya huzuni ile mlikuwa na fahari kidogo, kama kaa lililofukiwa jivuni. Aliamini kwamba amemtoa sadaka mpenzi wake kwa ajili ya kweli. Usingizi ulimjia upesi, jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko yote.

*

Kesho yake asubuhi Mwalimu Zenon alipita kumuaga Mzee Ambilikile, maana walikuwa wakisali kanisa moja, kabla hajarudi shuleni kwake Namanyere.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Sekela akimwekea chai.

"Marahaba, binti. Ulichokitangaza nimekisikia kwa shemeji yangu, aliyekuja uwanjani na redio. Nikajiuliza, huyu mtoto ana masikio ya namna gani? Mimi niliyesimama mbele ya kijana nilisikia jingine, naye aliye jukwaani kasikia lake."

Birika lilitulia mkononi mwa Sekela. "Ulisikia nini?"

"Alinijia mkono juu, akasema: 'Mwalimu, bao ni halali. Mpira ulivuka.' Nikamwuliza, una hakika? Mshika kibendera hakuliona. Akatikisa tena kichwa kama mtu anayekataa uongo, akasema hawezi kulibeba jambo hilo hadi kwao. Hapo hapo ndipo mawe yalipoanza. Watu wanadhani niliogopa kelele zao. Sivyo, binti. Bao lile nililitoa kwa neno la kijana yule."

Mzee Ambilikile alivua miwani yake, akamtazama bintiye. Ulimi hauna mfupa, wazee walisema.

Sekela alikimbia hadi kwenye shule ambako timu ilipiga kambi. Adolfu hakuwepo. Alikuwa amepata lori la alfajiri kwenda Mwimbi.

Katikati ya juma timu ilicheza mechi ya mwisho, bila golikipa wake. Sekela hakumwomba mtu ruhusa. Kabla mpira haujaanzishwa alisema kwa sauti iliyonyooka: "Ndugu wasikilizaji, Jumapili niliwaambieni kwamba golikipa Adolfu alikana bao. Sikusikia alichosema. Nilikisia, kisha nikawapeni makisio yangu kama habari. Mwamuzi amenieleza kwamba Adolfu alikiri bao. Yeye na wote wanaomwamini nawaomba radhi." Ignasi alimtazama kwa macho ya mshangao, lakini hakuikata laini.

Alingoja simu siku nzima iliyofuata. Ilipolia, alijikwaa kwenye mkeka.

"Ongea, Misheni ya Mwimbi," alisema Silvana. Safari hii hakutia utani, akajiondoa.

"Adolfu? Ulisikia jana? Nilisema, mpenzi. Nilisema hewani, nchi nzima..."

"Nisikie wapi? Baba ametoa betri kwenye redio ya kijiji tangu Jumapili."

Sekela aliegemea ukuta.

"Redio ile ililetwa wakati wa kampeni ya masomo ya afya," Adolfu aliendelea, sauti yake imechoka. "Tangu hapo desturi ni moja: wakisikiliza jambo, hawatawanyiki. Wanaketi duara, wanajadili, wanakata shauri. Somo la choo, somo la lishe, na Jumapili somo likawa mimi. Wakakata shauri kwamba aliyelidanganya taifa mbele ya mwamuzi hawezi kukabidhiwa mbegu za kijiji. Nimefika, nimewaeleza. Wakaniuliza, 'Redio ya Serikali iseme uongo, na wewe mshtakiwa useme kweli?' Baba alikuwa ameketi pale pale. Nimemwamkia, hakuitikia. Mpaka leo hajaitikia. Tunavuna ulezi shamba moja, yeye mstari wake, mimi mstari wangu."

"Nisamehe."

"Ungeniuliza, Sekela. Pale nyuma ya lori, damu inanitoka, ungeniuliza tu: ulisema nini? Uliponihubiria ndipo uliponiumiza. Jiwe si kitu."

Simu ikakatika. Haikukatwa na Silvana.

*

Jumamosi alipanda lori la ushirika lililokwenda kuchukua mahindi kusini. Mzee Ambilikile alimsindikiza hadi kituoni, akamfunga vifungo vya sweta hadi shingoni. "Nenda, mwanangu," alisema. "Usiende kujitetea."

Mwimbi ilikuwa katika mavuno. Harufu ya ulezi uliokatwa ilijaa njiani, na mbele ya duka la kijiji watu walikuwa wameketi duara kupumzika, wake kwa waume. Sekela alijitambulisha. Manung'uniko yakapita kama upepo kwenye nyasi kavu. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, Mama Cornelia, mwenyekiti wa kikundi cha wasikilizaji, alimwashiria kigoda.

"Kumbe redio ina miguu," alisema, na wachache wakacheka. "Karibu, mwanangu. Umeleta nini?"

"Shikamooni. Nimekuja kusema kwamba nilikosea. Mwamuzi aliniambia Adolfu alikubali..."

"Ngoja." Mama Cornelia aliinua mkono. "La mwamuzi ni la mwamuzi, akija tutamsikiliza. Maneno ya kuambiwa tumeshayapata mengi. Wewe ulikuwa na macho. Tutangazie tena pale pale, ila utupe ulichokiona, usizidishe."

Sekela alitazama huku na huku. Upande mmoja wa duara aliketi Mzee Eustaki, baba yake Adolfu, mkavu, mwenye mvi, mundu magotini. Upande wa pili, mbali naye, aliketi Adolfu. Kovu bichi lilikuwa juu ya jicho lake. Alikuwa akitazama chini.

Hakukuwa na kipaza sauti, wala Ignasi wa kuinua kidole. Sekela alisimama, akafumba macho kidogo, kisha akaanza.

"Mshambuliaji anapiga. Mpira unagonga mwamba wa juu, unashuka, unadunda nyuma ya mstari. Adolfu anaulalia. Mwamuzi yuko mbali. Mshika kibendera ameanguka. Adolfu anainuka. Anauweka mpira chini, haushikilii. Anainua mkono wa kulia. Hakuna aliyemwita, lakini anakwenda kwa mwamuzi. Anakwenda moja kwa moja, anatikisa kichwa. Mdomo wake unacheza. Anasema..."

Alinyamaza. Watu wote walikuwa wameinamia mbele kama walivyoinamia redio.

"Anasema nini?" aliuliza mtu.

"Sijui," alisema Sekela, na machozi yakamtoka bila kificho. "Nilikuwa mbali. Sikusikia anachosema. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, nami sikunyamaza."

Kwa mbali, mchi ulikuwa ukitwanga kinuni. Mzee Eustaki aliuweka mundu wake chini taratibu, akasafisha koo, akageuka upande ambao hakuwa ameutazama juma zima.

"Adolfu," alisema. "Ulisema nini, mwanangu?"

Adolfu aliinua kichwa. "Nilisema bao ni halali, baba. Nilisema mpira ulivuka."

Mzee akaitikia salamu iliyokuwa imekaa bila jibu tangu siku ile alipofika.

"Marahaba," alisema.

Mama Cornelia hakuitisha mjadala. Alimtuma mtu akatafute betri.

Lori lilipopiga honi, Adolfu alimsindikiza Sekela hadi barabarani. Walitembea kila mmoja na upande wake wa njia. Upepo ulikuwa umetulia, na uwanda ulikuwa wazi mbele yao, rangi ya dhahabu hadi pale macho yalipokoma.

"Kijiji kimekusamehe," alisema Adolfu. "Baba amesema ukija tena usilale njaa. Lakini mimi, Sekela, nikifumba macho usiku naisikia sauti yako ikisema ninakana. Sauti ile ile niliyoipenda kabla sijakuona."

"Najua," alianza Sekela, kisha akajizuia. "Hapana. Sijui. Wewe ndiwe unayejua."

Adolfu alisimama. Dereva alipiga honi tena. Sekela aliweka mguu kwenye ngazi ya lori, akashika ubao, kisha akashuka tena.

"Adolfu, unawaza nini?"

Alikuwa hajawahi kumwuliza. Kijana alimtazama, akaligusa kovu lake, akatazama barabara ndefu ya vumbi iendayo Sumbawanga.

"Nawaza kwamba bado inaniuma," alisema hatimaye, polepole, kama mtu anayepima mbegu kiganjani. "Na nawaza kwamba lori hili ni la mahindi, lina baridi nyuma, nawe huna mtu wa kukukinga upepo."

"Ni hayo tu?"

"Hayo ndiyo ya leo. Ya kesho utaniuliza kesho."

Kisha akalivua koti lake fupi la kahawia, akamtupia juu ya mabega, akapanda yeye kwanza, akamnyoshea mkono.